Njia ya Oicha: Wapasuaji Walivyojifunza Kuifuata Saratani ya Mapafu

Mwaka 1929 daktari Mmarekani, Carl Becker, aliacha kazi yake katika mji mdogo wa Boyertown, Pennsylvania, akaja Kongo na mkewe Marie chini ya Africa Inland Mission. Alianzia Katwa, kwenye vilima vya Butembo. Mwaka 1934 akashuka hadi Oicha, ukingoni mwa msitu wa Ituri, na huko akakaa miaka thelathini. Anayetoka Katwa kwenda Oicha hana budi kupita Beni, na Beni ya leo ina komini nne: Beu, Bungulu, Ruwenzori na Mulekera. Kutoka Mulekera hadi Oicha ni kama kilomita thelathini tu kwa Barabara ya Taifa namba 4, ile ile inayotokea Kisangani na kukatia mashariki hadi mpaka wa Kasindi.

Nimeifuata njia hiyo kipande kwa kipande, kadiri usalama ulivyoruhusu, kwa ajili ya swali moja la kitabibu. Mpasuaji anajuaje kwamba saratani imebaki pale ilipozaliwa, au imeshahama? Swali hilo ni la saratani zote, lakini kwenye mapafu ndipo lilipowasumbua wapasuaji zaidi. Titi unaliona na kulipapasa. Pafu limefichwa nyuma ya mbavu, halina mishipa ya kuhisi maumivu ndani yake, na mgonjwa anaweza kuishi na uvimbe wa sentimita tano bila kujua. Kwetu kuna tatizo jingine: kikohozi cha miezi mitatu kinahesabiwa kuwa kifua kikuu hadi kithibitishwe vinginevyo, na mara nyingi hakuna wa kukithibitisha.

Oicha ya Becker ilijulikana kwa ukoma. Maelfu ya wagonjwa waliishi kwenye makazi yao karibu na hospitali, na dawa za jamii ya salfoni zilipopatikana baada ya Vita Kuu ya Pili, Oicha ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyozitumia mapema. Chumba cha upasuaji nacho hakikulala: henia zilizonyongwa, wazazi walioshindwa kujifungua, uvimbe wa kila aina. Mpasuaji wa hospitali ya msituni miaka ile alikuwa na macho, vidole, darubini na kisu. Kama uvimbe ulikuwa umeenea, alilijua hilo tumbo likiwa tayari limefunguliwa. Alitazama ini, akapapasa tezi, na kama ameyaona mabaya akashona na kuondoka. Upasuaji wa namna hiyo, wa kufungua na kufunga, haukuwa aibu ya Oicha peke yake. Hospitali kubwa za Marekani na Ulaya zilikuwa hapo hapo.

Tuwapime kwa tarehe. Tarehe 5 Aprili 1933, Becker akiwa bado Katwa, mpasuaji Evarts Graham alimlaza mezani, mjini St. Louis, daktari wa uzazi kutoka Pittsburgh aliyeitwa James Gilmore, mwenye miaka 48. Graham alikuwa amekusudia kuondoa lobu moja tu ya pafu la kushoto. Kifua kilipofunguka akaona uvimbe umekaa vibaya, karibu mno na tawi la hewa la lobu ya pili. Hakuna aliyewahi kuondoa pafu zima kwa ajili ya saratani kwa mkupuo mmoja na mgonjwa akapona. Graham alibana shina la pafu, akafunga, akakata. Kisha akaondoa mbavu kadhaa ili ukuta wa kifua ushuke na kuziba nafasi iliyobaki wazi, na akaacha ndani vidonge vya radoni vya kuunguza mabaki. Inasimuliwa kwamba Gilmore alikuwa amekwisha kununua kiwanja cha kaburi kabla ya kulala mezani. Aliishi miaka thelathini zaidi.

Sifa ya siku ile ilienea dunia nzima, na iliistahili. Lakini angalia uamuzi wenyewe ulivyofanywa. Habari muhimu kuliko zote, kwamba ugonjwa umefika wapi, Graham aliipata kifua kikiwa wazi na mgonjwa yumo kwenye nusu kaputi. Angekuta umeenea zaidi, angefanya nini? Angefunga. Kwa miongo miwili iliyofuata wapasuaji wengi walifanya hivyo hivyo: walimfungua mgonjwa, wakakuta tezi za katikati ya kifua zimejaa, wakamfunga, naye akarudi wodini na kidonda kirefu cha bure.

Graham mwenyewe alimalizia hadithi hii kwa njia ya uchungu. Mwaka 1950 yeye na mwanafunzi wake Ernst Wynder walichapisha utafiti mkubwa uliounganisha sigara na saratani ya mapafu, mwaka ule ule ambao Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha wao Uingereza. Graham alikuwa mvutaji, akaacha, akiwa amechelewa. Mwanzoni mwa 1957 picha ya kifua chake ilionyesha saratani mapafuni pote pawili. Hakukuwa na cha kupasua. Alikufa Machi 1957, na Gilmore, mgonjwa wake wa mwaka 1933, akaishi hadi 1963. Kilichowatenganisha wale madaktari wawili kilikuwa mahali ugonjwa ulipofika siku ulipogunduliwa.

Nilirudi Mulekera na wazo hilo kichwani, nikakaa kwenye kituo kimoja cha afya nikimtazama mama muuguzi akimpima mzee aliyekuwa akikohoa kwa muda mrefu. Makohozi yake yalikuwa yamepimwa mara kadhaa bila kuonyesha vijidudu vya kifua kikuu. Mama alikaa nyuma yake, akaweka vidole viwili kwenye shimo la juu ya mtulinga.

“Tata, geuza kichwa kushoto kidogo. Usikaze shingo.”

“Ndiyo, mama.”

“Kohoa. Hapa panauma?”

“Hapaumi hata kidogo.”

Alisogeza vidole taratibu, akarudia pale pale, akaenda upande wa pili kulinganisha. Akamwuliza kama sauti yake imebadilika. Akamtazama uso na mishipa ya shingo. Akampigapiga mgongo kwa kidole, juu kuja chini, akisikiliza mahali mlio unapozimika. Kisha akaandika. Baadaye, mzee akiwa ameshatoka, aliniambia kwamba tezi inayouma haimtii hofu sana, kwani mara nyingi ni ya maambukizi. Anayoiogopa ni ile ngumu, isiyosogea na isiyouma.

Mikono yake ilikuwa inarudia somo la zamani lenye thamani hadi leo. Limfu ya pafu hutiririka kwa utaratibu: kutoka ndani ya pafu huenda kwenye tezi za shina lake, kisha kwenye tezi za katikati ya kifua kandokando ya bomba kuu la hewa, kisha hupanda shingoni juu ya mtulinga. Saratani inayosafiri kwa limfu hufuata mkondo huo huo. Ikishaonekana juu ya mtulinga maana yake imepita vituo vyote vya chini, na kisu hakina tena kazi ya kuponya. Mwaka 1949 Daniels, nchini Marekani, alionyesha kwamba mafuta na tezi za mahali hapo zinaweza kukatwa kwa dawa ya ganzi na kupelekwa chini ya darubini, hata pale ambapo kidole hakijagusa kitu. Hiyo ilikuwa hatua ya kwanza ya kulihamisha swali la kuenea, kutoka meza ya upasuaji kwenda mbele yake.

Dalili nyingine za mama muuguzi nazo zina historia. Sauti inayokwaruza huweza kuwa ya mshipa wa neva unaozunguka chini ya upinde wa mshipa mkuu upande wa kushoto, na uvimbe ukiubana kamba ya sauti hulala. Uso unaovimba asubuhi pamoja na mishipa ya shingo iliyotuna hueleza kwamba mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni umebanwa. Mlio unaozimika chini ya mgongo ni maji yaliyojaa baina ya pafu na ukuta. Yakivutwa kwa sindano yakatoka mekundu, na darubini ikaona ndani yake chembe za saratani, ugonjwa umekwisha kuhama. Yote hayo hupatikana bila mashine ya mamilioni.

Kutoka Beni njia ya zamani inagawanyika. Tawi moja linakwenda kaskazini, Oicha hadi Eringeti na Komanda, kisha kuelekea Bunia. Mwaka 1964 waasi wa Simba walipofika, Becker, akiwa na miaka sabini, aliikimbia Oicha akavuka mpaka. Mwaka uliofuata alirudi, safari hii Nyankunde, kati ya Komanda na Bunia, ambako kituo cha tiba cha makanisa kadhaa kilijengwa na wauguzi wa Kikongo wakafundishwa. Helen Roseveare, daktari Mwingereza aliyekuwa ameteswa na waasi hao huko Nebobongo, alikuja kuongoza mafunzo hapo. Becker aliondoka Kongo mwaka 1976 na kufariki 1990.

Nyankunde ilivamiwa Septemba 2002. Mamia ya watu waliuawa, wagonjwa wakiwa vitandani mwao. Walionusurika, wauguzi kwa wagonjwa, walitembea msituni zaidi ya kilomita mia moja kushuka Oicha na Beni, na kazi ya hospitali ikaendelezwa huku uhamishoni. Ukiipita barabara hiyo sasa unaelewa kwa nini historia ya tiba ya Kivu Kaskazini haiwezi kuandikwa kwa majengo. Majengo yamechomwa, yamehamwa na kurudiwa. Kilichosafiri ni ujuzi ulio mikononi mwa watu, na ujuzi wa aina moja hausafiri kwa miguu hivyo: ule unaohitaji maabara.

Tawi la pili linakwenda mashariki. Unavuka Semuliki, unaipita milima ya Ruwenzori ikiwa kushoto kwako, unafika Kasindi, unavuka kuingia Uganda, kisha Kasese hadi Kampala. Ndiyo njia ya wagonjwa wa Beni na Butembo wenye uwezo wa kuuza shamba la kakao au kukopa kwa ndugu. Pia ndiyo njia ya elimu. Kwenye hospitali ya Mengo, mjini Kampala, daktari Albert Cook alianza kuandika kumbukumbu za wagonjwa mwaka 1897. Kwenye hospitali ya Mulago, mjini humo humo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, Jack Davies na wenzake walianzisha rejista ya saratani ya Kampala, miongoni mwa za mwanzo barani. Katika rejista hiyo saratani ya mapafu ilikuwa nadra. Saratani za ini na uume zilikuwa nyingi zaidi. Sigara ilikuwa bado haijafika vijijini.

Hapo Mulago ndipo mpasuaji mwingine alipokumbana na swali letu. Mwaka 1957 daktari Hugh Trowell alimwita Denis Burkitt atazame mtoto aliyevimba taya pande zote. Burkitt alikuwa mpasuaji, na jibu la kwanza la mpasuaji ni kukata. Lakini alipowachunguza watoto wengine wa aina hiyo alikuta wengi wana uvimbe pia tumboni, kwenye figo, kwenye ini. Waliokuwa wakikatwa taya walikuwa wanakatwa sehemu moja ya ugonjwa uliotapakaa mwilini. Mwaka 1958 akaandika ripoti yake ya kwanza. Mwaka 1961, akiwa na Ted Williams na Cliff Nelson, akaendesha gari kuukuu la Ford kilomita 16,000 hivi kupita mashariki na kusini mwa Afrika, akiuliza hospitali moja baada ya nyingine wapi uvimbe huo unaonekana na wapi hauonekani. Dawa za kemia, zilizojaribiwa Kampala, ziliponya watoto ambao kisu kilikuwa kimeshindwa.

Mwaka 1967 kituo cha kutibu ugonjwa huo kilifunguliwa Mulago, ndicho chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mkurugenzi wake wa kwanza, John Ziegler, pamoja na Ian Magrath, walipanga hatua za ugonjwa kwa herufi. A ilikuwa uvimbe mmoja nje ya tumbo, B nyingi nje ya tumbo, C ndani ya tumbo, D ndani na nje. Wakaongeza alama moja ya ajabu, AR: mgonjwa wa tumbo ambaye mpasuaji ameondoa zaidi ya asilimia 90 ya uvimbe wake. Yaani kisu kiliweza kubadilisha hatua ya mgonjwa kwenye karatasi, kwa sababu kilibadilisha matarajio yake ya kupona. Idi Amin alipowafukuza au kuwatisha wageni, Mganda Charles Olweny aliichukua taasisi akaiendesha katika miaka migumu.

Nilitaja Kampala kwa kirefu kwa sababu ni hapo, karibu na kwetu kuliko kwingine, ambapo wapasuaji walikubali kwamba kuainisha kuenea ni kazi sawa na kukata. Kwa mapafu kazi hiyo ilifanywa mbali zaidi.

Paris ilianza. Kati ya 1943 na 1952 Pierre Denoix alibuni herufi tatu ambazo kila daktari wa saratani duniani anazitumia: T kwa ukubwa wa uvimbe wenyewe, N kwa tezi za limfu, M kwa viungo vya mbali. Mwaka 1951 William Cahan wa New York alieleza upasuaji unaoondoa pafu pamoja na tezi za katikati ya kifua. Kisha ikaja Stockholm. Mwaka 1959 Eric Carlens alichapisha njia ya kuchungulia katikati ya kifua bila kukifungua.

Hebu tuikaribie njia hiyo, mediastinoskopi. Mgonjwa amelala usingizi, shingo imenyooshwa. Mpasuaji anakata mstari wa sentimita tatu hivi juu kidogo ya kidari. Anafika kwenye bomba la hewa, kisha anaingiza kidole mbele yake na kushuka nacho, akijitengenezea njia. Upande wa mbele kidole kinahisi mshipa mkubwa ukidunda. Nyuma kinahisi pete za gegedu za bomba. Akishafungua njia anaingiza mrija wenye taa. Tezi zinaonekana: nyingi nyeusi kwa masizi, hasa kwa aliyepika miaka mingi kwenye jiko la kuni ndani ya nyumba, au aliyevuta. Kabla hajang'ata kipande anachoma kwa sindano na kuvuta, kwa sababu mshipa wa vena unaopita pale hufanana na tezi nyeusi, na kosa moja hujaza mrija damu. Sindano ikitoka tupu, anakata. Vipande vinawekwa kwenye chupa tofauti, kila chupa imeandikwa upande na kituo.

Kituo ndilo neno la Tokyo. Mwaka 1978 Tsuguo Naruke alichapisha ramani ya tezi za kifua zenye namba. Ramani ya sasa ina vituo 14. Namba 4 ni kando ya bomba la hewa, chini. Namba 7 ni chini ya njia panda ambapo bomba linagawanyika. 10 hadi 14 ni shinani na ndani ya pafu. Tezi za 10 hadi 14 zikiwa na saratani huitwa N1, na mpasuaji bado ana tumaini. Tezi za katikati, upande ule ule wa uvimbe au chini ya njia panda, ni N2, na hapo timu nzima hukaa kujadili kama dawa zitangulie kisu. Zile za upande wa pili wa kifua, au za juu ya mtulinga, ni N3, na kwa kawaida upasuaji haupendekezwi. Namba hizi ziliwawezesha wapasuaji wa nchi mbalimbali kusema kitu kimoja wanapozungumza.

Huko Houston, Clifton Mountain alichukua kumbukumbu za wagonjwa 2,155 na mwaka 1974 akapanga hatua za kwanza za saratani ya mapafu zilizokubaliwa kwa upana. Toleo la nane la mpangilio huo, lililoanza kutumika mwaka 2017, lilitegemea wagonjwa 94,708 kutoka nchi 16. Humo uvimbe wa hadi sentimita 3 ni T1, zaidi ya 3 hadi 5 ni T2, hadi 7 ni T3, na zaidi ya hapo T4. Kongo haikuwemo kati ya nchi hizo 16. Mpasuaji aliyempima mtu wa Beni kwa toleo hilo alimpima kwa kipimo kilichotengenezwa kwa miili ya watu wa nchi nyingine. Kipimo hicho hakikuwa kibaya. Ila kwetu kuna jambo ambalo wao walilikuta kwa nadra: kifua kikuu.

Skana ya kawaida huonyesha tezi zilizovimba, na skana ya PET huonyesha zinazowaka kwa kula sukari nyingi. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kuongeza PET kabla ya upasuaji kulipunguza vifua vilivyofunguliwa bure kutoka asilimia 41 hadi 21. Lakini tezi ya kifua kikuu nayo huvimba na kuwaka. Kwenye nchi yenye kifua kikuu kingi, anayesoma picha peke yake anaweza kumhukumu mgonjwa kuwa ameshachelewa, kumbe saratani yake bado iko mahali pake na tezi ni za kifua kikuu cha zamani. Ndiyo maana sindano inayoongozwa na altrasaundi kupitia bomba la hewa, au mediastinoskopi pale sindano isipotosha, ni muhimu kwetu kuliko kwa Waholanzi. Picha hutoa tuhuma; kipande cha tezi chini ya darubini ndicho kinachotoa hukumu.

Hata baada ya hayo yote, siku ya upasuaji huanza na upelelezi. Mpasuaji anapoingia kifuani, kwa mkato mkubwa au kwa kamera na vitundu vidogo, kwanza hatafuti uvimbe. Anatazama utando unaofunika pafu na ukuta kama una vipele vidogo vyeupe, anavuta maji yoyote yaliyopo, anapapasa lobu nyingine. Kisha huanza kukusanya tezi kwa mpango: angalau sita, tatu kati yake za katikati ya kifua, namba 7 ikiwemo. Tawi la hewa likishakatwa, ncha yake hupelekwa maabara ikagandishwe, ikatwe vipande vyembamba na kusomwa papo hapo, mgonjwa bado yumo mezani. Ikiwa chembe za saratani zipo kwenye ncha, mpasuaji hukata zaidi kama pafu linaruhusu. Mabaki yasipoonekana hata kwa darubini huitwa R0. Yakionekana kwa darubini tu, R1. Yakionekana kwa macho, R2.

Siku kadhaa baadaye mtaalamu wa patholojia huandika hatua ya mwisho, yenye herufi ndogo p mbele. Si mara moja wala mbili hatua hiyo hutofautiana na ile iliyoandikwa kabla ya kisu, yenye herufi c. Mgonjwa aliyedhaniwa hana tezi zilizoshikwa hukutwa nazo, na matibabu hubadilika. Miaka karibu mia moja baada ya Graham kazi imegeuka: upelelezi mwingi unafanyika kabla, lakini jibu kamili bado hutoka kwenye chupa zilizoandikwa namba.

Tukirudi Mulekera na maarifa haya, pengo liko wapi? Wengi hudhani liko kwenye mashine. Mashine zinakosekana kweli, na hata zikiwepo hufa. Mashine pekee ya mionzi ya kobalti ya Mulago, iliyowekwa mwaka 1995, iliharibika mwaka 2016, na wagonjwa wa Uganda, pamoja na wa kutoka kwetu waliokuwa wakivuka Kasindi, walikaa hadi mwanzoni mwa 2018 kabla mashine mpya haijafunguliwa. Barabara nayo hufungwa. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, mwenye homa au kikohozi cha damu alitiliwa shaka kwanza, akapimwa saratani mwisho.

Pengo kubwa zaidi liko kwenye karatasi ya rufaa. Mgonjwa hufika Kampala au Nairobi na picha moja ya kifua na maneno mawili: “kikohozi sugu”. Daktari anayempokea huanzia sifuri, na safari ya mwezi mzima hutumika kutafuta kitu ambacho kidole cha Mulekera kingekiona asubuhi moja. Karatasi hiyo iandikwe mambo yasiyohitaji umeme: tezi juu ya mtulinga ipo au haipo, ngumu au laini, sauti imebadilika lini, uso umevimba au la, maji yamevutwa, rangi gani, maumivu ya mifupa au kichwa, uzito uliopotea, makohozi yamepimwa mara ngapi na jibu. Kama kuna tezi juu ya mtulinga, ikatwe hapa hapa kwa ganzi, kipande kitumwe kwenye fomalini, mgonjwa abaki nyumbani akisubiri jibu badala ya kuuza shamba kufuata upasuaji ambao hautamsaidia.

Na kipande hicho kisiende mbali kila mara. Wakazi wa Beni na Butembo wamejenga hospitali, shule za wauguzi na hata vyuo vikuu kwa michango yao, wakati serikali na wafadhili wakichelewa. Kabla ya kudai chumba cha kupasulia kifua, wadai maabara ya patholojia iliyo imara: mtu aliyesomea kusoma tezi, mashine ya kukatia vipande vyembamba, rangi za kupaka vioo na darubini nzuri. Mpasuaji wa kifua anaweza kuitwa kutoka Goma, Kampala au Kinshasa kwa wiki moja. Anayesoma tezi lazima awepo kila siku, kwa sababu ndiye anayesema nani apasuliwe na nani aachwe, na bila yeye hata mpasuaji hodari anafungua kifua kama Graham alivyokifungua mwaka 1933, akitumaini tu kwamba atakayoyakuta ndani yanaondoleka.